Barabara Imefika Marua. Sisi Tunafikaje Kazini?

Wasee wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, na nyinyi mnaolala Nairobi lakini roho iko huku mlimani: wiki hii naongea kuhusu barabara na stendi. Najua wengine mmechoka na hii stori. Kila mwanasiasa akija huku anataja lami, halafu kahawa, halafu majani chai, halafu anarudi kwa lami. Lakini kuna swali moja sijasikia likiulizwa kwenye kipaza sauti chochote. Pesa zote zikishamwagwa na utepe ukishakatwa, nani anarudi kupima kama maisha ya mtu wa kawaida yamebadilika?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio tusipotezeane muda. Tumepewa barabara nzuri ya kwenda mbali na stendi kubwa ya kuegesha matatu. Usafiri wa ndani ya mji bado hatujapewa. Na wakubwa wakikaa kujipima, wanahesabu ile safari ndefu unayofanya mara moja kwa mwezi, wanasahau ile fupi unayofanya kila siku.

Tuanze na haki yake

Sitaki mtu aseme nimekuja kuponda tu. Barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua ni kilomita 84, leni mbili kila upande, kazi ya karibu shilingi bilioni 30. Pesa nyingi zimetoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, serikali yetu imeongeza zake, na msimamizi ni KeNHA. Ujenzi ulianza enzi za Uhuru Kenyatta na sehemu kubwa tayari unapita ukisikia raha.

Kama ulipanda matatu kwenye hiyo njia zamani unajua tumetoka wapi. Leni moja kwenda, leni moja kurudi. Mbele yenu lori limebeba mzigo linapanda mlima polepole kama limelala. Dere anachungulia kulia, anarudi, anachungulia tena, halafu anaamua. Mathe aliye nyuma yako anaanza kuomba kwa Kikuyu, wewe umeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tumezika watu wengi kwa sababu ya zile sekunde tano za kupita lori. Kwa hilo, barabara hii ni baraka, na mkulima wa Mathira anayepeleka mboga Nairobi kabla hazijanyauka atakuambia hivyo hivyo.

Stendi nayo ilikuja na sababu yake. Ile ya Field Marshal Muthoni, pale Asian Quarters, ni matunda ya mpango wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, unaoitwa KUSP. Benki iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 300, zigawiwe miji ya kaunti 45. Ndiyo maana karibu kila mji wa mlima huu uliona mtaro mpya, taa za barabarani ama kipande cha lami ndani ya mji. Sisi tulipata stendi. Katikati ya mji palikuwa pamebanana, matatu zinagongana vioo, makanga watatu wanavuta begi lako moja. Kuzitoa pale lilikuwa wazo la maana.

Jina walilolipa pia ni zito. Muthoni wa Kirima alikaa msituni akipigana hadi uhuru wa 1963, na aliaga dunia Septemba 2023. Mahali penye jina hilo panafaa kumhudumia mwananchi mpaka mwisho wa safari yake, siyo kumwacha katikati.

Sasa piga hesabu na mimi

Hapa ndipo mambo yanaanza kuchacha. Chukua watu wawili. Namba zangu ni za mfano, wewe weka zako.

Wa kwanza anafanya kazi Nairobi na anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Tuseme barabara mpya inamwokolea dakika 40 kuja na dakika 40 kurudi. Hizo ni dakika 80, saa moja na dakika 20 kwa mwezi. Safi kabisa, ana haki ya kufurahi.

Wa pili anafanya kazi kwenye duka la nguo Kimathi Way. Anatoka nje ya mji kila asubuhi, siku 26 kwa mwezi. Zamani matatu ilimshusha karibu na mlango wa kazi. Sasa anashushwa stendi mpya, anapanda kwa miguu. Tuseme ni dakika 15 zaidi, asubuhi na jioni. Dakika 30 mara siku 26 ni dakika 780. Hizo ni saa 13 kila mwezi.

Saa 13! Na hapo hatujaongeza mvua ya Aprili ama ile baridi ya Julai ambayo sisi wa Nyeri tunaijua vizuri.

Akisema hatembei, anachukua bodaboda. Tuseme ni shilingi 50 kila mara. Mia moja kwa siku, 2,600 kwa mwezi, 31,200 kwa mwaka. Kwa mtu wa duka la nguo, hiyo ni karo. Kwa wengine ni kodi ya nyumba. Na hakuna karatasi ya serikali itakayoandika hiyo 31,200 popote, kwa sababu haijatoka kwenye bajeti ya kaunti. Imetoka mfukoni mwake.

Ukimsikiliza mtu wa kwanza, mradi ni mafanikio. Ukimsikiliza wa pili, amepunguziwa mshahara bila barua. Wote wawili wanasema ukweli. Shida yangu ni kwamba wa kwanza ndiye anayeingia kwenye ripoti, kwa sababu muda wa Nairobi hadi Marua ni rahisi kupima na unapendeza ukisomwa jukwaani. Wa pili hana mtu wa kumhesabu, na huku kwetu wa pili ni wengi kuliko wa kwanza.

Ongeza shosho anayeenda PGH, ile hospitali ya rufaa ambayo wazee hawajawahi kukubali kubadilisha jina lake. Ana presha, magoti yanauma, ana kliniki kila mwezi. Yeye hana uchaguzi wa kutembea ama kupanda. Ni bodaboda, na bodaboda yenyewe anaiogopa. Kwa hivyo anakuja na mjukuu wa kumshika mkono, na sasa nauli ni ya watu wawili.

Na angalia hii barabara inaishia wapi. Pale Marua njia inagawanyika, moja inaingia Nyeri mjini, nyingine inaendelea Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki. Maana yake bilioni 30 zimetufikisha karibu na mlango, halafu kutoka mlangoni hadi kitini kila mtu ajijue.

Biashara haikuhama na matatu

Kitu cha pili ambacho hakipimwi ni biashara ya miguu. Duka la simu, kibanda cha chapati, mama mboga, muuza mitumba aliyetandaza kwenye turubai: hawa hawaishi kwa tangazo. Wanaishi kwa watu kupita. Mtu anashuka kwenye matatu, anakumbuka hana chaja, ananunua. Anangoja gari lijae, njaa inamshika, ananunua ndizi mbili.

Ukihamisha steji umehamisha huo mto wa watu. Upande ule mpya kuna mtu atafurahi, na hiyo ni sawa. Lakini yule aliyebaki nyuma amelipa kodi ya duka kwa bei ya zamani, na mto umekauka. Kaunti inaendelea kukusanya ada ya steji kutoka kwa matatu kila siku, kwa hivyo kwenye vitabu vyake mapato hayana shida. Hasara ya mama wa chapati haina kitabu.

Huku kwenye barabara kuu mambo ni hayo hayo, ila kwa ukubwa zaidi. Miji kama Makutano, Sagana na Karatina ilikua kwa sababu magari yalipunguza mwendo. Ukipunguza mwendo unaona maparachichi, unaona ndizi, unashusha kioo. Ukipita na kilomita 100 kwa saa huoni kitu. Soko la Karatina lenyewe nadhani litasimama, lina mizizi, wanunuzi wanakuja wakijua wanachotaka. Namhofia yule mdogo wa kando ya barabara ambaye duka lake lilikuwa beseni na mwavuli. Yeye hakuwa na ploti ya kulipiwa fidia. Alikuwa na mahali tu, na mahali pake pamekuwa leni.

Wakati huo huo mabango ya ploti yameota kando ya njia kuliko mahindi. Mwenye ardhi amepanda bei, mpangaji ataongezewa kodi. Mradi mmoja, na ndani yake kuna anayepanda na anayeshuka. Tathmini ya kweli ingetuambia ni nani na ni wangapi.

Kuvuka kwenda ng'ambo

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa wenye madereva hawalioni. Barabara ya leni nne ni ukuta. Shamba liko huku, shule iko kule. Zamani ulingoja gari moja lipite, ukavuka. Sasa unangoja leni mbili, unafika katikati, unangoja nyingine mbili, na magari yanakuja kwa kasi ambayo mtoto wa darasa la tatu hajui kuikadiria. Daraja la miguu likiwa mbali, watu hawataenda. Watavuka hapo hapo, na usiwaite wajinga. Hata wewe ungevuka.

Hili tulishalipia ada kwenye Thika Road. Kibaki, mtu wa Othaya hapa kwetu, aliifungua Novemba 2012, kilomita kama 50, na nchi nzima ilijivunia. Halafu watu wakaanza kugongwa wakivuka. Barabara ilijengwa ikimfikiria mwenye gari, na mtu wa miguu akafikiriwa baadaye. Kama kuna somo moja la kupeleka kutoka Thika hadi Marua, basi ni hilo, na halihitaji mshauri kutoka ng'ambo kulisoma.

Wengine wamepita hapa kabla yetu

Nyeri haiko peke yake kwenye hii shida. Nairobi walijenga Green Park ndio watoe matatu katikati ya jiji. Walipoifanyia majaribio mwaka 2021, malalamiko ya kwanza yalikuwa hayo hayo: tunatembea mbali. Tena kwenye Thika Road, mwaka 2018, walipaka mistari myekundu ya leni ya mabasi ya kasi. Nchi ikacheka kwa sababu mistari ilikuwepo na mabasi hayakuwepo. Baadaye vituo vikaanza kujengwa. Hadithi ni ile ile kila mahali: tunaanza na saruji, huduma tunaiahidi.

Sasa vuka mpaka uende Dar es Salaam. Mwendokasi ilianza kazi Mei 2016, njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wana lawama zao, na ukiwauliza watakuambia kuhusu msongamano na uchache wa mabasi hadi ukome. Lakini kuna jambo walilifikiria tangu mwanzo: mabasi ya mlisho, yale yanayokuchukua mtaani na kukuleta kwenye njia kuu. Waliona kwamba basi kubwa bila dogo la kukufikisha ni nusu ya safari. Sisi tumejenga stendi na ile nusu nyingine tumewaachia bodaboda. Siwalaumu vijana wa boda, wanaziba pengo. Ila pengo likizibwa na mtu binafsi, bei anapanga yeye, na mvua ikinyesha inapanda.

Hii kazi ni ya nani?

Ukiuliza, utazungushwa kama ukumbini siku ya kutafuta kitambulisho. Barabara kuu ni ya KeNHA. Za mjini zina KURA, za vijijini zina KeRRA. Stendi ni ya kaunti. Matatu ni za sacco. Miguu ni yako.

Lakini Katiba yetu ya 2010 haijifichi. Jedwali la Nne linasema usafiri wa kaunti ni kazi ya kaunti, na linataja barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Soma hiyo ya mwisho tena. Usafiri wa umma, siyo jengo la kuegeshea usafiri wa umma. Kwa hivyo gavana na MCA wako wakisema matatu ni biashara ya watu binafsi, waambie ndiyo, na kuipanga ni kazi yenu.

Najua majibu yatakayokuja. Moja: kutembea ni afya. Sawa, mwambie shosho wa magoti. Mbili: mji utakua kuelekea stendi, subirini. Huenda ni kweli, miji hukua hivyo. Lakini mama wa chapati halipi kodi ya mwaka 2035, analipa ya mwisho wa mwezi huu. Tatu: mnataka turudishe vurugu mjini? Hapana. Sijasema matatu zirudi. Nasema mtu afikishwe.

Basi dogo la mzunguko lingetosha kuanza. Stendi, soko, PGH, ofisi za kaunti, Ruring'u, halafu linarudi, kwa saa inayojulikana na bei inayojulikana. Si lazima kaunti inunue magari. Sacco zipo, madereva wapo, na wengi wana gari zinazokaa foleni saa nzima zikingoja kujaa. Kaunti itangaze njia, sacco ziombe, masharti yaandikwe, na konda akipandisha bei wakati wa mvua awe na mahali pa kushtakiwa. Ongezeni njia ya miguu yenye taa na mfuniko kwenye kila mtaro. Hiyo ni pesa ndogo ukilinganisha na ile iliyojenga stendi.

Vipimo vitano

Kabla mtu hajasimama tena kutuambia mradi umefaulu, atuletee majibu ya haya:

1. Kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi ni dakika ngapi, kabla na baada? Siyo kutoka stendi hadi stendi.

2. Safari nzima inagharimu pesa ngapi, pamoja na bodaboda ya mwisho?

3. Biashara ngapi zimefungwa kwenye steji za zamani, na ngapi zimefunguliwa kwenye mpya? Je, ni watu wale wale ama ni wengine wenye mtaji?

4. Watu wangapi wamegongwa wakivuka, na wapi hasa? Hapo ndipo daraja la miguu linafaa kuwa.

5. Saa moja na nusu jioni, mwanamke akishuka peke yake, taa zinawaka? Choo kinafanya kazi? Anafika nyumbani bila kushika roho mkononi?

Hakuna hata kimoja kinachohitaji mtambo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wangeweza kuhesabu kwa wiki moja na daftari na saa ya simu. Kaunti ingeweka matokeo ukutani pale pale stendi, kila mtu asome. Gharama yake haifiki ile ya mahema na chai ya siku moja ya uzinduzi.

Na sisi tusingoje. Kuanzia Jumatatu, andika kwenye simu yako kwa siku sita: saa uliyotoka nyumbani, saa uliyofika, nauli, boda, ulitembea dakika ngapi. Mwenye duka, andika mauzo yako. Ukiwa Karatina, Sagana ama Nanyuki, fanya vivyo hivyo na barabara yako. Halafu kaunti ikiita kikao cha wananchi kuhusu bajeti, kile ambacho huwa tunaenda kwa sababu ya soda, nenda na hizo namba. Ukisema "tunaumia" watakuambia wamesikia. Ukisema "natumia 2,600 kwa mwezi kutoka stendi yenu hadi kazini, na hawa wenzangu kumi hapa ni hivyo hivyo, zimeandikwa" itabidi mtu atafute jibu.

Mimi nimeanza kuandika zangu. Nitaziweka hapa Jumapili, na nitashukuru nikizilinganisha na zako.